Maneno Yangu Kinywani mwa Waziri

Atupele mwanangu,

Begi lako limeshafungwa na mimi sitalifungua tena. Tiketi, kitambulisho, blanketi, hayo baba yako atakukumbusha mpaka umchoke, maana yeye ndiye mwenye hofu na safari. Kuamka alfajiri na kupiga kwata watakufundisha wenyewe huko chuoni, tena kwa makelele. Mimi nina jambo jingine. Nimekuwa nalo kifuani tangu jana jioni, uliposimama mbele ya jumuiya.

Ulivaa lile gauni la kitenge cha bluu. Mwenyekiti akakuuliza, kwa utani, kwa nini msichana aliyefaulu vizuri hivi anataka upolisi wakati wenzake wanakimbilia benki. Ukasema, "Kwa sababu ya mama yangu. Mama alisimama mbele ya Waziri, na magwanda yake mwilini, akasema ukweli ambao wakubwa zake walikuwa wameuficha. Nataka kuwa polisi wa namna hiyo."

Watu wakapiga makofi. Mama Oresta akapiga vigelegele. Wote wakanigeukia, nami nikatabasamu. Nikainua mkono kidogo, kama mtu anayekataa sifa, lakini nilizipokea zote. Nilizipokea na kurudi nazo nyumbani, na baba yako njiani akanishika bega kwa fahari.

Ulichosema ni kweli, Atu, ila ni nusu. Na hiyo nusu nilikupa mimi mwenyewe, uliporudi likizo kutoka bweni ukiwa umesikia habari zangu kwa watu. Uliniuliza, "Mama, hukuogopa?" Nikakujibu, "Niliogopa, lakini nikasimama." Kisha nikakupakulia ugali. Nusu nyingine ilibaki kwangu. Kesho unakwenda kuvaa nguo niliyoivaa mimi, na unakwenda kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwa hivyo unavyomjua. Nataka uende ukimjua aliyekuwepo kweli.

Unakumbuka miaka nilipokuwa kule bondeni. Baba yako alikuwa anafundisha hapa mjini na wewe ukikaa naye Majengo, katika vile vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea. Mimi nilipangiwa kituo kidogo chini ya mlima, upande wa Muze. Huku juu mnavaa masweta mawili, kule chini tunalala milango wazi kwa joto. Nilikuwa napanda kuja kwenu mara moja kwa mwezi, nikipata lifti. Kila nilipotaka kuondoka ulikuwa unaficha kiatu changu kimoja. Nilikuwa nakitafuta huku nacheka, halafu nikishafika barabarani nalia.

Pale kituoni nilikuwa sajenti. Kulikuwa na kaunta mbele, mahabusu pembeni, na chumba cha nyuma cha kuwekea vielelezo: baiskeli zilizoibwa, madumu ya gongo, mapanga. Kesi nyingi zilikuwa za mifugo. Wasukuma walikuwa wameshuka na ng'ombe wao kutafuta malisho kandokando ya ziwa, na wenyeji walikuwa na mahindi yao. Ng'ombe hajui mpaka wa shamba. Kila wiki tulikuwa na mtu mwenye jeraha.

Siku moja tuliletewa kijana anayeitwa Nkwabi. Alikuwa na umri kama ulio nao wewe sasa. Kundi la ng'ombe lilikuwa limemaliza shamba la mtu mkubwa pale kijijini, na kaka zake Nkwabi walikuwa wameshawaswaga ng'ombe wakapotelea porini. Yeye alibaki nyuma, akakamatwa. Mkuu wa kituo alitaka jambo moja tu: aseme kundi liko wapi. Nkwabi hakusema. Askari wawili wa upelelezi wakampeleka chumba cha nyuma.

Mimi nilikuwa kaunta. Kulikuwa na wanawake wawili wamekuja kushtaki jirani yao kwa matusi, nami nilikuwa nawaandika. Sauti ya kwanza iliposikika walinitazama. Ya pili iliposikika mmoja wao akaweka mkono mdomoni.

Nilinyoosha mkono, nikaongeza sauti ya redio.

Nimeliandika hili na kulisoma tena, nione kama linasomeka. Hakuna aliyeniambia niongeze redio. Hiyo sikuamriwa na mtu. Nikawauliza wale akina mama, "Endeleeni, akasemaje tena?" Wakaendelea, macho yao chini.

Wewe utakaa kwenye kaunta kama ile. Sijui itakuwa mji gani. Siku utakapousikia mkono wako unakwenda kwenye redio, Atu, uutazame.

Walipomtoa, mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Wakamtupa mahabusu. Alikuwa analia kwa Kisukuma, anamwita mama yake. Nilimpelekea maji kwenye kikombe changu cha bati, nikamshika kichwa akanywa. Kuhusu maji hayo nimesifiwa sana, utaona. Lakini sijui mpaka leo kama nilimpa kwa huruma au nilimpa ili anyamaze, maana watu walikuwa wanaendelea kuingia kaunta. Labda yote mawili.

Alihitaji hospitali. Hospitali walikuwa wanataka PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na PF3 ilikuwa kwenye droo yangu. Nilimwomba mkuu wa kituo ruhusa. Akasema, "Subiri kwanza, Sajenti. Akitoka hapa na hali hii tutaulizwa." Nikasubiri. Mtu wa zamu anaweza kuijaza fomu ile bila kumwomba mtu, nilijua hivyo, na nilisubiri. Alipopandishwa huku mjini kwa gari la kituo, mguu ulikuwa umeshaharibika. Madaktari waliukata juu ya goti.

Pale kituoni tulikuwa na konstebo kijana, Daudi, mtu wa Namanyere. Mimi ndiye nilimpokea akitoka chuoni, nikamfundisha kujaza kitabu cha matukio, kupanga vielelezo, hata kumsalimia raia aliyekuja na hasira. Alikuwa na mwandiko mbaya na moyo mzuri. Siku ile alikuwepo. Alijaribu kuingia chumba cha nyuma, akasukumwa nje. Kesho yake aliandika taarifa ya alichokiona na kuipeleka mkoani mwenyewe, bila kupitia kwa mkuu wa kituo.

Huku nyuma baba yake Nkwabi, Mzee Mabula, alikuwa amekwenda kwa mbunge. Mbunge akapeleka swali bungeni: Serikali ina mpango gani wa kulifanyia mabadiliko jeshi la polisi, na inasema nini kuhusu kijana aliyepoteza mguu mikononi mwa askari? Swali la mabadiliko likapangiwa Waziri wa Sheria badala ya yule wa Mambo ya Ndani. Waziri hakuwepo Muze. Yeye anajibu kwa alicholetewa, na agizo la kuletewa likateremka ngazi kwa ngazi mpaka likafika kwenye meza ya mkuu wetu wa kituo.

Aliniita ndani, akafunga mlango.

"Sajenti, yule kijana aliruka kwenye gari likiwa kwenye mwendo. Uliona."

"Sikuwepo kwenye gari, Afande."

"Ulikuwepo zamu. Neno la mtu wa zamu ndilo linalotakiwa. Waziri anasimama kwenye Bunge lijalo. Unataka asimame bila jibu?"

Akasogeza karatasi kwangu taratibu, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula.

"Una mtoto shuleni," akasema. "Fikiria vizuri."

Niliandika. Niliandika kwamba mtuhumiwa alijirusha kutoka kwenye gari lililokuwa likimpeleka kituoni, akaangukia mawe. Hata hayo mawe niliyaongeza mimi, ili maelezo yakae vizuri. Miaka yote ile kazini ilikuwa imenifundisha jinsi maelezo yanayokaa vizuri yanavyokuwa.

Kisha taarifa ya Daudi ikaanza kusumbua mkoani. Mkuu akaniita mara ya pili. Safari hii hakunitisha hata kidogo. Alikuwa mchangamfu, akanipa soda.

"Ombi lako la uhamisho liko hapa kwangu," akasema. "Mjini kuna nafasi. Ungekuwa unalala kwako." Akaniacha ninywe kidogo. "Tatizo ni huyu mtoto Daudi. Anadai aliona. Wewe unakumbuka kweli kama alikuwepo?"

Jioni hiyo nilipanda kilimani mahali penye mtandao, nikampigia baba yako. Nilimweleza kwa mafumbo, naye akaelewa. Akasema, "Andika wanachotaka, mke wangu, urudi nyumbani. Mtoto anakuulizia." Usimlaumu. Alikuwa amechoka kukupikia peke yake na kukubembeleza kila nilipoondoka. Mkono ulioandika ni wangu.

Niliandika maelezo ya pili: Konstebo Daudi hakuwepo kituoni siku ya tukio, na haijulikani alikuwa wapi. Mstari mmoja na nusu. Maelezo ya kwanza niliyaandika kwa woga. Haya ya pili niliyaandika kwa tamaa.

Daudi alifukuzwa kazi kwa kutoa taarifa ya uongo dhidi ya wakubwa zake.

Na mimi nikahamishiwa mjini. Unaikumbuka siku ile? Wewe huwa unaisimulia. Nilishuka kwenye lori na godoro langu, ndoo na mkungu wa ndizi, ukatoka mbio kutoka kwa jirani bila viatu, ukanikumbatia miguu ukasema, "Hurudi tena?" Nikasema sirudi. Ulilala kitandani kwetu wiki nzima. Umewahi kuniambia kwamba hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote za utoto wako. Kila ukiisimulia huwa natoka kidogo nje, au naanza kuosha chombo. Sasa unajua kwa nini. Siku hiyo wewe hukuiiba kwa mtu yeyote, furaha yako ni yako. Lakini mimi niliilipia kwa kazi ya Daudi.

Jibu la Waziri nililiona kwenye televisheni ya kinyozi, pale Majengo. Nilikuwa nimekupeleka kukatwa nywele. Waziri alisimama, akavaa miwani, akasema, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Serikali, napenda kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Akasoma kuhusu mafunzo ya askari, akasoma kuhusu mabadiliko ya sheria. Halafu akasoma: "Kuhusu kijana aliyetajwa, taarifa za uchunguzi zinaonyesha kwamba alijirusha kutoka kwenye gari lililokuwa likitembea, akaangukia mawe."

Mawe yangu, Atu. Nilimsikia mtu mkubwa wa nchi, mwenye suti na sauti nzito, akiyatamka mawe niliyoyabuni mezani bondeni, na wabunge wakapigapiga meza.

Mbunge akauliza swali la nyongeza. "Je, Waziri yuko tayari kuja mwenyewe kumwona kijana huyu na kuwasikiliza wananchi?" Waziri akajibu kwamba yuko tayari. Kinyozi akacheka. "Atakuja lini huyo," akasema, "wakija huku wanaishia Mbeya." Nami nikacheka naye, nikiomba Mungu iwe hivyo.

Alikuja. Ilipita mvua moja na kiangazi, kisha akaja hapa mjini na watu wake kusikiliza wananchi kuhusu polisi na mabadiliko yanayotakiwa. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wewe ulikuwa umeshaanza shule ya bweni. Mimi nilipangwa ulinzi wa ndani, nikasimama ukutani na magwanda yangu.

Kabla mkutano haujaanza Mzee Mabula aliniona. Alikuja taratibu na fimbo yake, na nyuma yake Nkwabi kwenye magongo, suruali imekunjwa na kupigwa pini.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akamgeukia mwanawe. "Ni huyu?"

"Ndiye, baba," Nkwabi akasema. "Ndiye aliyeninywesha maji."

"Mungu akuzidishie," mzee akaniambia. "Mimi na mama yake tunakutaja kila tukisali."

Nikawaonyesha pa kukaa.

Nkwabi alisimama akasema yake, kwa Kiswahili cha kukatakata, bila kulia. Waziri alisikiliza, akafungua jalada lake, akauliza, "Kuna mtu yeyote wa kituo kile humu ndani?" Mkuu wetu wa zamani alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakugeuka. Mimi nikatazama dari.

Sauti ikatoka nyuma kabisa. "Nilikuwepo mimi."

Alikuwa Daudi. Alikuwa amekonda, ana shati lenye madoa ya oili. Alikuwa ametoka Namanyere kwa pikipiki.

Waziri akapekua. "Wewe ndiye Daudi? Taarifa niliyo nayo inasema siku hiyo hukuwepo kituoni."

"Nilikuwepo, Mheshimiwa. Aliyeandika hivyo anajua kwamba nilikuwepo."

Hakunitaja wala hakunitazama. Ukumbi ulianza kunong'ona. Waziri akamwuliza kama ana shahidi, akasema hana. Na ingeishia hapo, mwanangu. Lazima ulijue hili: ingeishia hapo, na mimi ningerudi nyumbani kula. Ni Mzee Mabula aliyesimama. Akaninyooshea fimbo, uso wake umejaa matumaini, akasema kwa sauti, "Yule mama pale alikuwepo! Yule alimpa mwanangu maji. Ni mtu wa Mungu, yeye atasema!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Sikusimama kwa ushujaa. Nilikuwa nimeshasimama tayari, ukutani, na sikuwa na mahali pa kwenda.

Nikasema, "Mheshimiwa Waziri, kijana hakuruka kwenye gari. Alipigwa kituoni. Konstebo Daudi alikuwepo."

"Na maelezo haya?" Waziri akainua karatasi.

"Yaliandikwa kwa maelekezo," nikajibu.

Yaliandikwa. Ndiyo lugha ya ofisini, utaizoea upesi: iliandikwa, ilionekana, iliamuliwa. Kila kitu kinatendeka na hakuna aliyekitenda. Watu walielewa kwamba wakubwa ndio walioandika. Makofi yakaanza nyuma, yakaja mpaka mbele, na mzee akaja kunikumbatia mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo nikawa mama aliyesema kweli.

Mkuu wa kituo aliondolewa. Wale askari wawili walifikishwa mahakamani, na mimi nikawa shahidi. Walioshughulikia kesi walijua kwamba maelezo ya kwanza ni yangu, lakini walikubali kwamba nililazimishwa, na walinihitaji. Ya pili yalikuwa kwenye jalada jingine, la nidhamu ya Daudi, na hakuna aliyeniuliza. Waziri akarudi bungeni. Nilimsikia redioni nikiwa nakaanga samaki. "Mheshimiwa Spika, naomba kurekebisha jibu nililolitoa hapa. Jibu lile halikuwa la kweli. Namwomba radhi kijana yule na familia yake." Mtu yule aliomba radhi mbele ya nchi nzima kwa uongo ambao si wake. Mwenye uongo nilikuwa nageuza samaki ili wasiungue.

Daudi aliomba arudishwe kazini. Wakamjibu kwamba katika jalada lake kuna maelezo ya sajenti wa zamu, na mwenyewe hajayafuta kwa maandishi. Alichohitaji ni mimi niende niseme: niliandika, na nilidanganya. Ningeshtakiwa, najua. Pensheni yangu ingepotea, na ada yako ilikuwa mbele yetu. Nikajiambia nitakwenda ukimaliza kidato cha nne. Ukamaliza. Nikajiambia nitakwenda nikistaafu. Nikastaafu, wakanipa cheti na keki. Mzee Mabula alifariki katikati ya hayo yote. Nkwabi, ambaye sasa ni dalali wa mnada wa ng'ombe na ana mke, alinipigia simu kunipa taarifa. Akasema baba yake alikuwa ananiombea mpaka mwisho. Sikwenda msibani. Nilikuambia nina malaria.

Leo asubuhi niliposema nakwenda Namanyere kutafuta samaki wa safari yako, migebuka, nilikwenda kweli, na migebuka umeiona. Lakini nilikwenda kumtafuta Daudi. Anatengeneza pikipiki karibu na soko. Alikuwa amechuchumaa kwenye injini. Aliniona, akaendelea kufunga nati mpaka ikakaza, kisha akasimama, akajifuta mikono.

"Shikamoo, Sajenti."

"Marahaba, Daudi. Habari za nyumbani?"

"Nzuri." Hakuniambia nikae.

Nikamwambia nikiwa nimesimama. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba hukuwepo."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu waliponionyesha. Mwandiko wako naujua, Sajenti. Si wewe uliyenifundisha kujaza kitabu cha matukio? Nilikujua kabla sijafika kwenye sahihi."

"Mbona pale ukumbini hukunitaja?"

"Nilitaka useme mwenyewe." Akaokota spana, akaiweka chini tena. "Ukasema yaliandikwa."

Nilimwambia kwamba Jumatatu nakwenda kwa wakili kula kiapo, kisha nakipeleka mkoani, kwamba yale maelezo ni yangu na ni ya uongo. Akaniuliza kwa nini sasa. Sikutaka kumdanganya tena. Nikasema, "Binti yangu anakwenda chuo cha polisi kesho. Anakwenda kwa sababu yangu."

"Kwa hiyo si kwa ajili yangu."

Alikuwa amesema kweli, Atu.

Mteja akaja, Daudi akamhudumia, akampa chenji. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini. "Baba yangu alikufa akiamini nilifukuzwa kwa kusema uongo. Alikuwa katekista. Aliacha kunituma kusoma masomo kanisani. Huyo huwezi kumpelekea kiapo."

"Siwezi," nikasema.

"Andika tu. Wakinirudisha, wasiponirudisha, andika. Watoto wangu wanasoma na watoto wa askari." Akachuchumaa tena kwenye injini yake. "Na usije tena huku kuniomba radhi. Sina muda huo."

Sikuwa nimeomba, na alijua kwamba ndicho nilichokijia. Nikanunua samaki wako nikapanda gari.

Baba yako nimemwambia jioni, ulipokuwa umekwenda kuaga marafiki. Kwanza akauliza kuhusu pensheni, nikasema sijui. Kisha akasema, "Ungemwacha mtoto aende kwanza." Huenda yuko sahihi. Jambo hili likianza kuzungumzwa litakufikia huko chuoni, na kuna mwenzako atakayekuuliza mbele ya watu kama wewe ni mtoto wa yule sajenti. Nimekuharibia mwanzo wako. Nilitafuta njia ya kusema kweli ambayo haikugusi, na kwa kuitafuta hiyo njia miaka imekwisha.

Sikuambii usiende. Sikuambii uende pia. Ulikuwa na sababu moja, nami nimeiondoa, na kama una nyingine ni yako mwenyewe, usinitafute mimi ndani yake. Kitu kimoja tu ninachokijua kwa hakika kuhusu kazi ile ni hiki: hakuna siku niliyoamka nikasema leo nitamtupa mtu. Kila mara lilikuwa jambo dogo lenye sababu nzuri. Redio. Fomu iliyosubiri ruhusa. Mawe mawili matatu ya kunogesha maelezo. Mtoto anayeniulizia nyumbani.

Ningeweza kuiweka barua hii ndani ya begi, chini ya masweta, uikute ukishafika. Nilitaka kufanya hivyo, na nikajua ni ule ule woga wangu: ungeisoma ukiwa umeshapita Laela, mahali ambapo huwezi kunigeukia. Kwa hiyo naipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, taa yako bado inawaka. Mimi niko jikoni, sitalala. Ukitaka kuja kuniuliza lolote, njoo, nitakujibu kwa jina langu. Na kama utaona bora uondoke na baba yako alfajiri bila kuniaga, nitasikia mlango ukifunguliwa, na sitakuita.

Mama yako